Neno Moja Kabla ya Mvua Kuisha

Jumanne, 4 Machi

Mwalimu Esnah ametugawia madaftari akasema kila jioni tuandike sentensi mbili tu: mtoto amefanya nini, nasi tumefanya nini. Wenzangu waliona ni kazi kubwa. Mimi nilimwambia sentensi mbili kwangu ni kama kumpa fahali maji kwa kijiko. Niliishia darasa la saba, ndiyo, lakini si kwa sababu ya akili. Mwalimu mkuu wa wakati ule alimwita marehemu baba akamnong'oneza kwamba nikiendelea nitawaaibisha walimu.

Basi naanza. Mimi ni Obwocha, boma la pili ukishuka kutoka kituo cha majani chai, ng'ambo ya Kebirigo. Lavender ni mjukuu wangu. Baba yake, Mathew, amezaliwa na kaka yangu Onchiri, lakini kwetu mtoto wa kaka ni mtoto wako. Mathew yuko Nairobi kwa kazi ya mjengo. Lavender ana miaka sita na hajatamka neno tangu azaliwe. Kutwa anazungusha vifuniko vya sufuria kama pia, na kukiwa na kelele anaziba masikio halafu anagonga kichwa ukutani. Hospitali walisema ni usonji. Kaka yangu, ambaye ni mzee wa kanisa, anasema hospitali haioni kila kitu.

Haya mafunzo yanataka watu wawili kwa kila nyumba, kwa sababu mmoja huchoka. Wa kwanza ni Gesare, mama ya mtoto. Wa pili angekuwa mke wangu Nyanchera, lakini Jumanne yeye hupeleka ndizi sokoni Daraja Mbili. Kwa hivyo mtoto amenipata mimi. Nyanchera alisema, "Wameomba mtu wa kumfundisha mtoto kusema, si mtu wa kumaliza maneno yote yaliyobaki."

Jumanne, 11 Machi

Leo nusura nikimbie. Mwalimu Esnah alitandika mkeka katikati ya ukumbi. Akasema watu wa nyumba moja wakae wawili wawili, mmoja awe mzazi, mwingine awe mtoto, waangaliane machoni, mzazi amchekeshe mtoto mpaka mtoto atake tena. Kisha akaita: Gesare na Obwocha.

Gesare ni mke wa mwanangu. Mimi ni baba mkwe wake. Sijawahi kumshika mkono, sijawahi kuvuka kizingiti cha nyumba yake, na akiniletea chai huiweka juu ya kigoda, anarudi nyuma, ndipo naichukua. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima yetu ya wakwe. Hata hawa wa mjini wanaoicheka hawaivunji wazazi wakiwa wanatazama. Gesare aliinamisha kichwa mpaka kitambaa kikamfunika macho. Mama mmoja mzee akasema polepole kutoka nyuma, "Mwalimu, hao hapana." Ndipo Esnah, naye ni binti yetu wa Keroka, akashika mdomo. Alikuwa anafuata kitabu cha mafunzo, akasahau yuko kwa nani.

Nikawekwa na Bosire, mwendesha bodaboda mwenye mtoto kama wetu na shingo kama gogo la mkaratusi. Mimi nikawa mtoto. Bosire alinipulizia mapovu ya sabuni usoni. Nasema kweli, hakuna mtu katika Nyamira nzima aliyewahi kuwa mtoto kama nilivyokuwa mimi leo. Akina mama walicheka mpaka wakatoa machozi. Nilipomsimulia Nyanchera alisema hapo sikuigiza.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua imeanza. Majani yamechipuka vizuri.

Jumanne, 18 Machi

Kazi yenyewe ni hii. Unashuka chini, macho yako yalingane na ya mtoto. Unafuata anachocheza yeye, si unachotaka wewe. Unasema neno moja. Halafu unangoja. Hapo pa kungoja ndipo watu wanaanguka, Esnah alisema, akaniangalia mimi.

Nilimwambia kungoja si kitu kwangu. Nikiwa kijana Transmara nilikutana na nyati kwenye kijia, nikasimama naye uso kwa uso kutoka asubuhi mpaka ng'ombe wanarudi zizini, hadi nyati mwenyewe akaona haya akaondoka. Esnah akasema vizuri sana, basi nijaribu dakika moja na Bosire. Sikumaliza. Nilikuwa nimekumbuka jambo kuhusu nyati.

Nyumbani tunafanyia upenuni mwa nyumba ya Gesare, kwa sababu hapo ndipo mtoto amezoea na mimi siwezi kuingia ndani. Gesare akiwa anafanya yeye, mimi nakaa mbali chini ya migomba. Nikifanya mimi, yeye yuko ndani, nasikia vyombo. Mvua ikinyesha kuelekea upande wetu tunaacha. Nilijaribu kumleta Lavender jikoni kwa Nyanchera, akapiga kichwa mlangoni mpaka tukamrudisha.

Jumamosi, 22 Machi

Sabato. Baada ya ibada kaka yangu alinivuta kando. Ameongea na watu wa nyumba moja ya maombi, mbali huko, hata si ya kanisa letu. Wanapokea watoto wa aina hii. Unamwacha, lango linafungwa, mzazi haendi kumwona mpaka aitwe. Mathew amekubali kwa simu, amesema baba ndiye anajua.

Nikauliza Gesare amesema nini. Kaka akasema Gesare hajasema kitu. Atasemaje? Mke wa mtoto hasimami mbele ya baba mkwe akabishana naye.

Alhamisi, 27 Machi

Nimefanya jambo. Naliandika kama lilivyokuwa.

Tulikuwa kituoni tunangoja lori ya kiwanda, watu wengi, mvua inatonatona, vikapu vimejaa. Momanyi, yule karani wa mizani, akaniuliza kwa sauti kama ni kweli siku hizi nalala chini na kuzungusha vifuniko. Watu wakacheka. Mwingine akauliza kama nami nimeshikwa na ule ugonjwa. Nikawaambia wanacheka leo, kesho watakuja kwangu na watoto wao wapange foleni. Wakacheka zaidi. Nikapandisha dau. Nikasema, "Kabla mvua hii ya masika haijaisha, mtoto yule ataongea kwa mdomo wake mwenyewe, na neno la kwanza atanipa mimi."

Sikujua kaka yangu yuko nyuma yangu na kikapu chake. Alikitua polepole.

"Mmesikia," aliwaambia watu. "Mvua ikiisha kama hakuna neno, mtoto anakwenda kuombewa, na Obwocha asinipinge."

Watu wote wakasema wamesikia.

Ijumaa, 28 Machi

Habari ilifika kabla sijafika. Gesare hakuniletea chai leo. Alisimama nyuma ya mlango wake, nilikuwa naona upindo wa leso tu, akaongea bila kutokeza uso. Tangu aolewe sijamsikia akisema maneno mengi hivyo.

"Baba, mimi nilikuwa naomba wasahau ile nyumba ya maombi. Mzee ndugu yako angekuwa anasema, anaahirisha, anasema tena. Wewe umempimia mtoto wangu siku kwa mdomo wako."

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Lavender alizungusha vifuniko, nikazungusha. Hakuniangalia.

Alhamisi, 3 Aprili

Vilevile.

Jumatatu, 7 Aprili

Vilevile. Kufuatana na redio masika ya mwaka huu yatakuwa mafupi. Hao wa redio walishawahi kusema uongo.

Alhamisi, 10 Aprili

Niliona twende haraka. Nilinunua peremende, nikaiinua juu, nikamwambia sema "sokoro", ndiyo babu kwa lugha yetu, sema, sema, sokoro, uchukue. Nikasema tena na tena, na sauti ikapanda bila mimi kujua. Aliziba masikio. Halafu akaanza ukutani. Gesare alitoka mbio akamkumbatia kwa nyuma, mimi nikasimama na peremende mkononi. Paji la uso limevimba.

Jumanne, 15 Aprili

Nilimweleza Esnah. Nilitegemea atanigombeza, nilikuwa nimeandaa majibu matatu ya maana. Aliuliza tu: "Baba, yule nyati ulimpigia kelele?"

Nikasema hapana.

"Basi," akasema, akaenda kwa mtu mwingine.

Jumapili, 20 Aprili

Leo sikusema chochote. Nilikaa upenuni na kifuniko changu, yeye na chake. Mvua ilikuwa nyembamba. Kifuniko changu kilipolala, niliweka kiganja juu yake nikatulia. Mdomo uliniwasha. Nilihesabu miche ya chai ya Onchiri upande wa pili wa bonde, nikakumbuka madeni na kesi zote za ukoo. Lavender aliacha chake. Akaangalia mkono wangu. Akausukuma kwa kidole.

Nikasema, "Tena." Nikazungusha.

Akausukuma tena. Mara nyingi, mpaka mvua kubwa ikatufukuza. Ndani, vyombo havikusikika. Gesare alikuwa amesimama mlangoni anatazama, na chai ilikuwa juu ya kigoda.

Jumatano, 23 Aprili

Anausukuma mkono. Namwambia "tena". Hasemi.

Ijumaa, 25 Aprili

Anakuja mwenyewe kunitafuta, kifuniko kwapani. Nyanchera anasema ni mara ya kwanza mtu kunitafuta mimi bila kunidai. Hasemi.

Jumatatu, 28 Aprili

Leo niliona kitu. Tukiwa upenuni, niliinua macho nikamwona kaka yangu ndani ya migomba, amesimama kwenye matone bila mwavuli. Hakuja. Alikuwa anamtazama mtoto akisukuma mkono wangu. Nilipokwenda kwake nilitaka kumwambia maneno makali niliyoyatunza wiki nzima, lakini alinitangulia.

"Mimi nikifa, na wewe ukifa, na mama yake akichoka," akasema, "nani atamfungulia huyu mlango?"

Nilidhani mtu huyu ni jiwe. Ni mtu anayeogopa. Lakini mtu anayeogopa naye anaweza kumfungia mtoto lango, kwa hiyo sijapata usingizi mzuri zaidi.

Jumanne, 6 Mei

Hakuna mafunzo. Mto umefunika daraja. Niliwahi kuuvuka mto huo ukiwa hivi, na ndama begani, lakini leo sikuwa na sababu.

Jumamosi, 10 Mei

Jua siku nzima. Watu walisalimiana kanisani kwa furaha. Mimi nilitazama mbingu kama mtu anayengoja hukumu. Momanyi aliniambia, "Mzee, naona mawingu yako yanakuangusha."

Jumanne, 13 Mei

Mkono umevimba lakini nitaandika.

Nyanchera alikuwa Daraja Mbili. Gesare alipeleka majani kituoni, lori ikachelewa. Niliachiwa mtoto. Tulikuwa upenuni tunacheza. Mbingu ikawa nyeusi upande wa Manga, upepo ukaja, na kabla sijakunja turubai, ikashuka mvua ya mawe. Si matone. Mawe. Wanaojua mabati wanajua sauti hiyo. Ni kama lori linamwaga kokoto juu ya kichwa chako na halimalizi. Lavender alipiga ukelele, akakimbilia ndani.

Mimi nikabaki mlangoni.

Nilimwita. Sauti yangu mwenyewe sikuisikia. Kisha, katikati ya ngurumo ile, nikasikia kitu kingine, kikavu, kutoka chumba cha ndani kabisa. Kichwa na ukuta. Kichwa na ukuta. Haraka kuliko siku nyingine zote.

Nilitazama njia ya kituoni. Hakuna mtu. Nilitazama boma la kaka yangu. Hata yeye angekuja asingeingia, ni baba mkwe kama mimi. Nilisimama pale nikingoja mwanamke yeyote atokee, jirani, mpita njia, na kila nilipongoja ile sauti ya kugonga ilikuwa inanipiga mimi kifuani.

Nikavuka.

Nilipita sebuleni na gambuti zangu zenye matope, nikafungua pazia la chumba cha kulala cha mke wa mwanangu. Alikuwa ameingia kati ya kitanda na ukuta. Damu ilikuwa imeanza kwenye nywele. Nikapiga magoti, nikajiminya pale, nikaweka kiganja changu kati ya kichwa chake na ukuta. Akapiga. Akapiga. Mifupa ya mkono wangu ilikuwa inagonga ukuta badala yake. Sikusema kitu. Si kwamba nilikumbuka mafunzo. Sikuwa na neno.

Sijui ni muda gani. Akapunguza. Kifuniko chake kilikuwa hapo chini, alikuwa amekimbia nacho. Kwa mkono ule mwingine nikakizungusha juu ya sementi. Kilizunguka, kikayumba, kikalala. Nikaweka kiganja juu yake nikatulia. Mawe nayo yakawa yanapungua, yakawa mvua, mvua ikawa matone.

Akasema, "Tena."

Sauti nzito kidogo, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. Si "sokoro". Si jina langu. "Tena."

Nikazungusha. Machozi yalinifanya nikose kuona kinakolala.

Gesare aliporudi tulikuwa upenuni. Nilimwambia mtoto alijigonga kidogo. Nikaenda kwangu.

Jumatano, 14 Mei

Chai yote ya chini imechanwachanwa. Vipande vya majani kila mahali kama tumbaku. Lavender hakusema neno. Mimi pia.

Ijumaa, 16 Mei

Naandika kile ambacho siwezi kumwambia mtu. Nikisema alinena, watauliza wapi. Nikisema wapi, nimesema kwamba mimi, Obwocha, nilifika kwenye kitanda cha mke wa mwanangu. Wazee wataitwa. Watu watalisema mpaka wajukuu wazeeke. Na hata nikisema yote, nani ataamini? Nimewaambia watu hawa habari ya nyati. Nimewaambia habari ya ndama. Nimewaambia mambo mengine ambayo hata humu daftarini sijayaandika.

Jumatatu, 19 Mei

Nangoja aseme tena mbele ya mtu. Gesare anapita, mtoto anasukuma mkono, ananyamaza.

Alhamisi, 22 Mei

Jua.

Jumatatu, 26 Mei

Jua. Kaka yangu ametuma neno: Mathew anafika Jumamosi. Watu wa lango wanamngojea mtoto Jumatatu.

Jumapili, 1 Juni

Tuliketi uani mwa Onchiri. Kaka yangu, Mathew, Nyanchera, mimi, na wazee wawili wa ukoo. Gesare alikaa pembeni, mgongo nusu umetugeukia kama inavyotakiwa, na Lavender mbele yake na kifuniko. Juu yetu mbingu ilikuwa safi kabisa, bila hata wingu la kunitetea.

Kaka yangu alisema mvua imeisha. Akaniuliza mbele ya wote, mtoto amesema?

Nikasema, "Amesema."

Mzee mmoja akacheka. Mathew akatazama viatu vyake. Hata Nyanchera alishusha pumzi. Kaka yangu akauliza, kwa uchovu, ni neno gani na lini na nani alisikia.

Basi nikasema. Siku ya mawe. Mlango. Sebule. Pazia. Kitanda. Nilitaja kila kitu kwa jina lake, na gambuti zangu pia. Nilisikia mzee aliyekuwa akicheka akiacha kucheka. Hakuna aliyeniangalia. Nikamaliza na lile neno moja, na lilionekana dogo sana pale uani.

Kaka yangu alikuwa amekunja uso. Mzee wa pili akaanza kusema jambo hili sasa si la mtoto tena, ni la Obwocha, na litaangaliwa.

Ndipo Gesare akaongea. Hakugeuka. Aliongea akiutazama ukuta, lakini kila mtu alimsikia.

"Nilipiga deki mimi mwenyewe. Nyayo za gambuti zilifika mpaka kitandani. Na ukutani kulikuwa na damu kwa urefu wa mtoto, na chini yake alama ya mkono wa mtu mzima. Nilipangusa. Sikumwambia mtu kwa sababu nilimheshimu baba."

Kaka yangu alinitazama usoni muda mrefu, hajanitazama hivyo tangu tukiwa wavulana.

"Huyu amedanganya tangu azaliwe," aliwaambia wazee. "Nyati, mito, mawaziri anaodai kula nao. Wote mnajua. Lakini ni nani amewahi kumsikia akidanganya uongo unaomshusha?"

Akasema la kuingia ndani tutaliangalia wenyewe, na mbuzi wa kusafisha kosa ni wangu kutoa. Akasema watu wa lango atawapigia simu yeye, wasimngojee mtoto. Kisha akasimama, na nilidhani anakwenda kuchukua simu. Alikwenda jikoni kwake. Alirudi na kifuniko cha sufuria kubwa ya ugali, akashika magoti kwa mikono miwili kama wazee wanavyoshuka, akaketi chini kwenye nyasi mbele ya mtoto, na suruali yake ya kanisani.

Alikizungusha vibaya. Kikalala upesi. Akaweka kiganja juu.

Nilitaka kumwambia anafanyaje. Nilikuwa na maneno ya kutosha. Nyanchera alinishika mkono wa koti.

Jumatatu, 2 Juni

Lavender alisukuma mkono wa kaka yangu kwa kidole. Kaka yangu alingoja.